Nani Mwenye Klabu ya Watoto?

Lipo swali moja ambalo kila kiongozi wa klabu ya vijana katika visiwa vyetu, tangu Nungwi hadi Makunduchi na tangu Konde hadi Mkoani, hana budi awe na jibu lake kabla hajaulizwa. Akija mtu mwenye fedha, akakaa barazani, akasema kwamba anaitaka klabu, ni nani mwenye haki ya kumwambia, "Ichukue"? Ni mwenyekiti? Ni mwalimu wa timu? Ni mzee aliyenunua jezi za kwanza kwa pesa zake? Ni wazazi? Au ni watoto wenyewe, ambao hata umri wa kutia saini mkataba hawajaufikia?

Swali hili si la mchezo, kwa sababu kandanda lenyewe limekwisha kuwa zaidi ya mchezo. Zamani mtu aliyefika kiwanjani alasiri akiwa na mfuko wa mipira alijulikana kuwa ni mpenzi tu. Leo huenda akawa mpenzi, na huenda akawa wakala, au mwenye kituo cha kukuza vipaji, au mjumbe wa kampuni inayotafuta nafasi ya kuingia katika ligi bila ya kuanzia chini. Hatuandiki maneno haya ili kuwafukuza watu hao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo wageni waliowaponya wenyeji kweli kweli. Tunaandika kwa sababu mgeni wa namna hii huja na hesabu zake na mwanasheria wake, na mwenyeji humpokea akiwa na filimbi na daftari la mahudhurio. Mazungumzo ya watu wawili hao hayawezi kuwa ya haki mpaka mwenyeji naye ajue alichonacho.

Basi tuanze na kile alichonacho. Klabu ya vijana isiyoendeshwa kwa faida ni jumuiya ya watu. Haina hisa, na kwa kuwa haina hisa hakuna mtu anayeweza kusema kwamba fungu fulani ni lake na analiuza. Viongozi wake si wenyewe. Ni walinzi waliokabidhiwa kwa muda. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli hatuoni ugumu wa kulielewa jambo hili, maana tulifundishwa habari za wakfu tungali wadogo. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Msimamizi hulinda shina ili matunda yaendelee kuwafikia waliokusudiwa. Hatusemi kwamba klabu ya mpira ni wakfu kwa sheria. Wakfu una masharti yake, na hapa Zanzibar una Kamisheni yake. Lakini tabia ya amana ni moja: aliyeshika ufunguo si mwenye nyumba.

Wala asije mtu akadhani kwamba haya ni mawazo ya kijamaa peke yake. Marekani, nchi ambayo hakuna anayeweza kuishutumu kwa ujamaa, ina klabu nyingi za soka la watoto zilizosajiliwa kuwa jumuiya za hisani zisizotafuta faida. Sheria ya huko inasema kwamba mali ya jumuiya ya namna hiyo haigawiwi viongozi wala wanachama, na jumuiya ikivunjwa, kinachobaki baada ya kulipa madeni hukabidhiwa kazi nyingine ya hisani au ya umma. Anayetaka kuichukua klabu kama hiyo hapati hisa za kununua. Njia alizonazo ni kuungana nayo, au kununua baadhi ya vitu vyake kwa bei ya haki, na fedha hizo huingia katika jumuiya, haziingii mfukoni mwa mwenyekiti. Ikiwa mabepari wenyewe wameweka uzio huo, sisi tuna sababu gani ya kuuacha mlango wazi?

Mtu anaposema "nainunua klabu", kwa kawaida huwa anataka kimojawapo katika vitu vinne: nafasi ya ligi, jina, uwanja, au watoto pamoja na walimu wao. Vitu hivi vinne havina hukumu moja, na madhara mengi hutokea kwa sababu vinachanganywa katika mazungumzo ya usiku mmoja.

Nafasi ya ligi ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa kuwa inaokoa miaka. Mwaka 2009 kampuni ya Red Bull ya Austria ilitaka kuingia katika soka la Ujerumani. Haikuanza na klabu kubwa. Ilikwenda katika mji mdogo wa Markranstädt, ulio kando ya Leipzig, ikaichukua haki ya klabu ya mji huo ya kucheza daraja la tano. Miaka saba baadaye, mwaka 2016, timu iliyozaliwa kwa njia hiyo, RB Leipzig, ilipanda daraja la kwanza. Chama cha Markranstädt chenyewe hakikununuliwa. Kilibaki kwao, na ilikibidi kijenge upya timu yake ya wakubwa. Hapa kwetu Tanzania, klabu ya Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikachukua jina la Singida Black Stars. Hatusemi kwamba waliofanya hayo walivunja sheria. Tunalosema ni kwamba nafasi ya ligi inaweza kupanda basi ikahama mkoa, lakini watoto wa mtaa hawapandi basi hilo. Wao hubaki pale pale, wakiutazama uwanja usio na timu.

Jina nalo lina hadithi yake. Huko Uingereza, mwaka 2002, klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhama kutoka London kwenda mji wa Milton Keynes, na mwaka 2003 ikahama. Wapenzi waliobaki nyuma hawakukubali kuwa wajane wa timu. Mwaka huo huo wa 2002 waliunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa, na mwaka 2020 wakarejea katika mtaa wao wa Plough Lane. Waliohama hatimaye walibadili jina, na mwaka 2007 wakaziacha kumbukumbu za vikombe vya Wimbledon zirudi katika mtaa zilikotoka. Fedha ilinunua kila kitu isipokuwa uhusiano wa watu na timu yao.

Kuhusu uwanja, hapa Zanzibar jibu ni fupi, na inashangaza kwamba bado wapo wanaolisahau. Ardhi katika visiwa hivi ni mali ya umma iliyowekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Ndivyo ilivyothibitishwa na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992. Klabu iliyochezea kiwanja miaka thelathini ina historia ya kuchezea. Kama haina hati ya matumizi, haina cha kumkabidhi mtu. Kwa hiyo mwekezaji anayeambiwa na kamati kwamba "klabu inakuja na kiwanja chake" aombe aone karatasi, na kama hazipo ajue kwamba anauziwa upepo. Na kamati inayothubutu kutoa ahadi hiyo, hasa pale ambapo kiwanja kiko karibu na pwani, ijue kwamba inachezea jambo kubwa kuliko mpira.

Tunafika kwa watoto, na hapa tunaomba tusomwe kwa utulivu. Mtoto hauzwi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na inataka maslahi yake yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Kanuni za Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, zinakataza kijana aliye chini ya umri huo kuhamishwa kwenda nchi nyingine kwa ajili ya soka, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Tena tangu tarehe 1 Mei 2015 FIFA imekataza mtu wa pembeni, asiye klabu wala mchezaji mwenyewe, kushika fungu la malipo ya uhamisho wa mchezaji. Basi akija mtu na karatasi inayosema kwamba atalipia jezi na nauli, na kwa malipo hayo atakuwa na fungu lake kwa kila mtoto atakayeuzwa baadaye, kiongozi hana haja ya kuitisha kikao. Amrudishie karatasi yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba klabu ya watoto haina thamani ya fedha. Inayo, na kutoijua thamani hiyo ndiko kunakowafanya viongozi wetu waiachie klabu kwa bei ya seti mbili za jezi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa anapohama kwa malipo kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya malipo hayo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomfundisha tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu hupata robo ya asilimia moja ya malipo yote; kwa kila msimu wa umri wa miaka 16 hadi 23, hupata nusu ya asilimia. Tuchukue mfano wa kukisia. Kijana amefundishwa na klabu ya mtaani tangu umri wa miaka 12 hadi 17, na miaka mingi baadaye anauzwa Ulaya kwa dola 1,000,000. Misimu minne ya mwanzo inaleta asilimia 1, na miwili iliyofuata inaleta asilimia 1 nyingine. Jumla ni asilimia 2, yaani dola 20,000. Mbali na hayo ipo fidia ya mafunzo, ambayo inaweza kudaiwa kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika klabu ya nchi nyingine.

Lakini fedha hizo hazimfuati mwenye kulia. Zinamfuata mwenye kumbukumbu. Tangu Novemba 2022 FIFA inacho chombo maalumu cha kupitishia malipo haya, na chombo hicho husoma usajili wa mchezaji msimu hadi msimu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA kwa jina lake. Mlango wa huko unapitia Shirikisho la Tanzania, TFF. Kwa sababu hiyo daftari la klabu ya Wete au ya Kikwajuni linapaswa kuwa safi mara mbili zaidi: lisomeke ZFF, na lisomeke pia mbele ya safari. Na klabu ikiwa imekufa, fungu lake linaweza kwenda kwa shirikisho la nchi kwa ajili ya kuendeleza vijana, lakini mtaa uliomlea mchezaji hautaliona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi mwerevu analijua hilo, na pengine anachokitaka si timu ya leo bali ni majina ya vijana walioondoka miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo, anayeipima klabu ya vijana kwa nia njema, awe mfadhili, awe klabu kubwa inayotaka kuungana nayo, awe ofisa wa Serikali aliyeombwa kibali, ana mambo ya kuuliza. La kwanza ni usajili: klabu iko katika vitabu vya Mrajis na vya Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, na katiba yake inasema nini juu ya kuungana, kuvunjwa na mahali pa kwenda mali? La pili ni uhalali wa viongozi: walichaguliwa lini, na muda wao umekwisha au bado? La tatu ni vitabu: fedha ziliingia kutoka wapi, zilitoka kwenda wapi, na nani anaidai klabu? La nne ni watoto: ni wangapi, wamesajiliwa kwa umri wa kweli, wazazi wao wanajua, na mazoezi yanawaachia nafasi ya skuli na chuo? La tano ni walimu: ni nani, wana mafunzo gani, na yupo anayehakikisha kwamba mtoto yuko salama mikononi mwao? Klabu inayoweza kujibu mambo haya matano ni klabu yenye thamani hata kama haina mpira mmoja ulio mzima. Isiyoweza kujibu ina kazi ya kufanya kabla ya kukaribisha mgeni yeyote.

Mgeni naye aulizwe yake. Kwa nini anaitaka klabu hii na si kuanzisha yake? Atafanya nini na watoto ambao si hodari? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika kila watoto mia wanaokimbia kiwanjani alasiri, wachache sana watakula kwa miguu yao. Klabu ya mtaa ipo kwa ajili ya wote: inawaweka pamoja, inawatoa vichochoroni, inawafundisha kushindwa bila ya kupigana. Biashara ikiingia bila ya masharti huwachagua watatu na kuwaacha waliobaki. Huanza kuondoka timu ya wasichana, kwa sababu haileti pesa. Hufuata timu ya wadogo kabisa, kwa sababu inachelewa kuzaa. Mwisho hubaki kundi dogo la vijana wa kuonyeshwa mawakala, na jina la klabu ubaoni.

Tusiwaonee wanunuzi, maana kosa kubwa mara nyingi ni letu. Ziko klabu ambazo katiba yao haijulikani iliko, uchaguzi wao ni hadithi ya zamani, na hazina yao ni mfuko wa koti la mtu mmoja. Na mtu huyo mmoja, tuseme haki, aghalabu si mwizi. Ni mtu aliyejinyima. Amenunua mipira, amelipa nauli ya boti kwenda Pemba, amewapeleka watoto hospitali usiku, na mke wake amewapikia timu nzima siku za mechi. Akitokea mtu wa kumlipa baada ya miaka ishirini, moyo wake humwambia kwamba anastahili. Nasi tunasema anastahili: astahiki shukrani, na alichoikopesha klabu kiandikwe kuwa ni deni, kithibitishwe na kilipwe kwa wazi. Ila deni ni deni na umiliki ni umiliki. Aliyemlea yatima akamsomesha hapati kwa malezi hayo haki ya kumuuza.

Njia ya halali ipo na si ngumu. Klabu mbili zinaweza kuungana. TANU na ASP hazikununuana. Wajumbe wa vyama vyote viwili walikutana katika mkutano mkuu wa pamoja Januari 1977, wakaamua, na tarehe 5 Februari kikazaliwa chama kipya chenye katiba yake. Na klabu inaweza kumpokea mwekezaji bila ya kupotea. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ililipeleka jambo hilo mbele ya wanachama wake, na katika mabadiliko ya mwaka 2017 msingi uliowekwa ulikuwa wanachama wabaki na asilimia 51, na uwekezaji usizidi asilimia 49. Simba ni klabu ya wakubwa yenye mapato ya mlangoni, na mfano wa hisa hauifai klabu ya watoto ambayo haina faida ya kugawana. Linalofaa kuigwa ni kwamba wenye klabu waliulizwa. Kwa klabu ya watoto inatosha mkataba wa ulezi wa miaka maalumu: mfadhili alete vifaa na walimu, jina lake liwe kifuani mwa jezi, na muda ukiisha klabu ibaki pale ilipo, na watoto wale wale, kwa jina lile lile.

Kwa maoni yetu, basi, wahusika wana wajibu ulio wazi. Mrajis na Baraza la Taifa la Michezo wasikubali mabadiliko yoyote ya uongozi au ya jina la klabu ya vijana pasipo kumbukumbu za mkutano mkuu uliowahusisha wanachama na wazazi, na mkataba wenyewe uwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuusoma. ZFF isihamishe nafasi ya timu ya vijana ya daraja lolote kutoka wilaya hadi wilaya kama inavyohamishwa leseni ya duka, na iwasaidie walimu kusajili watoto ipasavyo, kwa kuwa hiyo ndiyo mali yao. Mabaraza ya miji na wilaya yaorodheshe viwanja vya watoto na kuvitafutia hati kabla havijatafutiwa hati na wengine. Masheha, ambao hakuna mgeni anayeingia katika shehia wasipate habari zake, waulize mapema. Na Chama, chenye matawi katika kila shehia, kifundishe katiba na uwekaji wa vitabu kwa viongozi wa klabu, bila ya kuzigeuza klabu hizo kuwa mali ya mwanasiasa yeyote. Amana haiwi halali kwa kutolewa kwa tajiri, wala haiwi halali kwa kutolewa kwa mheshimiwa.

Kwa viongozi wa klabu neno letu ni fupi. Kabla ya msimu ujao, itafuteni katiba. Itisheni mkutano. Andikeni majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na misimu waliyocheza. Akija mgeni, mkaribisheni, mpeni kahawa, msikilizeni mpaka mwisho. Kisha mwambieni kwamba klabu hii ina wenyewe, baadhi yao wako skuli hivi sasa, na wengine bado hawajazaliwa. Nyinyi mmewekwa tu kuwashikia.